Veko Mbili za Boksi Moja

Nyumbani, Sengerema
18 Februari 2024

Mdogo wangu Queen,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana leo sina subira. Mzigo umefika. Ngosha kondakta kanikabidhi mkononi pale stendi, akang'ang'ania nifungue aone kilichomo, nikamwambia ni dawa za mifugo. Ningemwachia yule, basi zima lingecheza gemu mpaka Geita.

Queen, nikwambie nini? Hii Veko ni balaa! Mimi gemu nilizozoea ni zile za kwenye TV tulizokuwa tukichezea kwa mwalimu tukiwa wadogo. Lakini kitu cha kushika kiganjani, kioo kinawaka namna hii, unasogeza kijiti cha kushoto na mchezaji anakwenda unakotaka wewe! Sijawahi kuona. Siku mbili sijakanyaga majarubani. Modesta mke wangu kanuna, anasema mpunga haupaliliwi kwa vidole gumba. Jana nimemfuma mwenyewe jikoni anakimbiza magari, ugali unaungua.

Shangazi Bernadeta nilimwonyesha jioni. Akaishika kwa mikono miwili, akauliza, "Hiki Queen ndiye kakitoa?" Nikamwambia wamekupa mbili kazini kwa sababu umeuza kuliko wenzako wote, na moja umenipa mimi. Akafurahi mpaka machozi. Basi akafanya kama alivyoifanyia baiskeli ya marehemu baba na cherehani yako: akaitemea mate kidogo, ptu, ptu, akasema idumu, isivunjike, ituletee heri. Nikaipangusa kwa shati huku nacheka. Unamjua shangazi yetu, hata ndama akizaliwa hakosi mate yake ya baraka.

Ukiichoka kadi ya gemu ya mpira nitumie, nami nitakutumia hii ya magari. Na barua uweke humo humo ndani ya mzigo, maana simu yangu ya kupangusa ilizama jarubani. Nimebaki na kitochi cha Modesta, na chaji yake inakwisha kabla sijamaliza kusema haloo.

Kaka yako,
Mashimba


Mwanza
2 Machi 2024

Kaka Mashimba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama.

Kaka, ungeona dukani siku Veko ilipoanza kuuzwa! Foleni ilitoka mlangoni ikafika kwa muuza miwa. Mtu akishalipa anafungua boksi pale pale barabarani, anapiga picha. Mhasibu mmoja, mtu mzima na tai yake shingoni, alinishika mikono akasema, "Dada Queen, umeniokoa na bia." Wenye Veko wameanzisha kundi lao kwenye simu, kutwa ni sifa tu, na karibu wote ni mimi niliyewauzia. Bosi amesema mbele ya wafanyakazi wote kwamba tawi la Igoma likifunguliwa msimamizi ni mimi. Mimi Queen niliyefeli hesabu mkanicheka mwaka mzima! Ulisema nitaishia kuuza dagaa. Haya, cheka tena.

Yangu na yako zilikuwa boksi moja. Namba zake zimefuatana, yako inaishia na saba, yangu na nane. Hao ni mapacha, kwa hiyo usije ukanitambia kwamba yako ni bora.

Msalimie sana shangazi. Mwambie yangu bado inasubiri mate yake. Mtunze, kaka. Mama alipokufa, yeye ndiye aliyeacha watu wa mumewe kule Ukerewe akarudi kutulea. Bila yeye tungegawanywa kwa ndugu, kila mmoja kwake.

Mdogo wako,
Queen


Nyumbani, Sengerema
7 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Kuna jambo. Veko imeanza vituko. Nikiacha kuigusa, mchezaji anajiendea mwenyewe, na anakwenda kushoto. Nimeizima, nimeiwasha, nimeifunga kitambaa, nimeianika juani, wapi! Gari langu linaacha barabara linaingia porini, kushoto. Kwenye mpira nimebaki mimi na kipa, mtu wangu anageuka, huyoo, anakwenda kusimama kwenye kibendera cha kona.

Mwanzoni tulicheka. Sasa hatucheki. Juzi niliiweka mezani ikiwa imewaka, nikaketi mbali. Mtu akatembea mpaka akagonga ukuta, na pale ukutani akaendelea kupiga hatua, miguu inakwenda, hafiki popote. Modesta akasema, "Hilo dude lina mtu." Nikamwambia aache ujinga.

Lakini wewe ndiye muuzaji, wewe ndiye unayejua. Niambie, yako inafanya hivi? Wateja wako wamelalamika? Kama ni ugonjwa wa Veko zote, basi ni ugonjwa wa mashine na roho yangu itatulia. Kama ni yangu peke yake, niambie pia. Modesta ana mimba ya miezi minne. Unajua tumeisubiri miaka sita. Sitaki nyumbani kwangu kitu nisichokielewa.

Kaka yako,
Mashimba


Mwanza
12 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Hongera kwa habari ya Modesta! Nimeruka dukani mpaka mteja kashtuka.

Hiyo Veko ni vumbi tu. Chukua pamba, weka spiriti kidogo, safisha kijiti pembeni pembeni, puliza. Na usiianike tena juani, jamani, ile siyo dagaa.

Umeuliza yangu. Yangu iko safi kabisa, naicheza kila siku. Na hapa dukani hajalalamika hata mmoja, wote wanaisifia. Ni ya kwako tu, kaka. Itakuwa uliiangusha, au ilimwagikiwa na kitu chenye majimaji. Hebu kumbuka vizuri.

Tawi la Igoma linafunguliwa mwezi wa saba. Niombeeni. Kadi ya mpira nimeiweka humu.

Queen


Musoma
20 Aprili 2024

Queen shosti,

Barua hii nimeificha ndani ya boksi la chaja zinazokuja kwenu, kwa sababu bosi siku hizi anatushikia simu na kusoma. Ukimaliza ichane.

Mwenzangu, huku kwenye tawi letu kumeharibika. Wiki hii zimerudi Veko kumi na tisa, zote ugonjwa mmoja, kijiti cha kushoto. Wale wale waliokuwa wakiniita malaika sasa wananiita mwizi. Mzee mmoja wa Bunda kaiweka kaunta akasema, "Mwanangu, hii niliipenda kuliko redio yangu, leo natamani niitupe ziwani." Kiwandani wanajua. Barua yao bosi anayo, nimeiona kwa macho yangu. Ila agizo letu na lenu ni moja: mwambie mteja kaiangusha, mwambie kaimwagia maji, mwambie ni ya kwake tu. Atakayefungua mdomo arudi kwao. Akelo wa stoo alifungua, na Jumatatu hakuwepo.

Na ile yako uliyonipigia simu ukilia kwamba nayo inakwenda kushoto, umemwonyesha bosi? Usithubutu. Chukua tawi lako kwanza. Lakini kaka yako wa Sengerema si ndiye uliyempa pacha wake? Huyo mwambie ukweli, Queen. Ni damu yako.

Rafiki yako,
Janet


Nyumbani, Sengerema
26 Mei 2024

Queen,

Mimba imetoka. Alikuwa wa kiume. Tulimkimbiza Modesta hospitali, wakahangaika naye, akapona yeye, mtoto alikuwa ameshaondoka. Tumezika Jumatano. Sikukupigia kwa sababu sikuwa na sauti.

Sasa nisikilize. Nimesafisha kwa pamba na spiriti, nimepuliza mpaka mashavu yakauma. Mtu bado anakwenda kushoto. Ukaniambia nikumbuke. Nimekumbuka. Haijaanguka hata siku moja. Kitu chenye majimaji kilichoigusa ni kimoja tu, na unakijua, maana nilikuandikia mwenyewe nikicheka.

Veko mbili, boksi moja, namba zimefuatana. Yako nzima. Za watu wote wa Mwanza ni nzima. Yangu mimi ndiyo inatembea. Tofauti ya yangu na yako ni nini, Queen? Wewe mtu wa mjini hebu niambie. Na tumbo la Modesta alilitemea mate vile vile, tukasema asante.

Sijasema kitu, lakini watu wameanza kusema. Macho mekundu ya shangazi miaka yote nilijua ni moshi wa kukausha samaki, sasa sijui tena ninachojua. Modesta hataki aingie jikoni. Ukisimama mlangoni kwetu, nyumba iliyo kushoto ni ya nani?

Nijibu. Kama kuna jambo unalijua na mimi silijui, liseme sasa.

Mashimba


Nyumbani, Sengerema
5 Juni 2024

Mwanangu Queen,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia mwenyewe. Mistari imepinda, nisamehe, miwani imevunjika mkono mmoja naishikilia. Nipo hai, ingawa si kama ulivyoniacha.

Tangu mazishi ya mtoto, kaka yako haniamkii. Modesta akinikuta kisimani anageuka na ndoo tupu. Nikipika, chakula wanampa mbwa, nakiona. Nikamuuliza Mashimba nimekosa nini. Akaniletea kile kidude ulichomtumia, mtu yule wa ndani anatembea, akasema, "Muulize anakwenda wapi." Mimi nimuulizeje, mwanangu? Niliweka kidole mbele yake, hakusimama.

Nina swali moja, na nakuuliza wewe kwa sababu ndiyo kazi yako. Mate ya mtu yanaweza kuharibu mashine ya namna ile? Mimi sijui. Kama yanaweza, niambie, nitampigia Mashimba magoti, maana nilikusudia heri. Kama hayawezi, mwandikie yeye kwa kalamu yako umwambie kinachoisumbua. Akisikia kwako ataamini. Kila siku wimbo wake ni huo huo: "Queen kasema ni ya kwangu tu."

Ukoo unakaa kikao Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Barua yako ifike kabla ya hapo. Unajua vikongwe wa huku kwetu wanavyofanywa. Yule mama wa ng'ambo ya mto walimkata mapanga mwaka juzi na hakuna aliyeulizwa. Kufa siogopi sana, umri umekwenda. Naogopa kufa nikiwa naitwa jina hilo.

Sikuombi kingine.

Shangazi yako anayekupenda,
Bernadeta


Mwanza
14 Juni 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma dukani nikalia mpaka bosi akaniuliza kuna msiba gani.

Pole sana, shangazi. Mambo ya mashine ni marefu, hayaelezeki kwenye karatasi. Wewe usiyaweke moyoni, maneno ya watu hupita. Kaka nitamwandikia nikipata nafasi. Sasa hivi tunahamisha mali kwenda tawi jipya, naingia asubuhi na mapema natoka nimechoka sana. Nikishakabidhiwa funguo mwanzoni mwa mwezi wa saba nitakuja mwenyewe, tukae chini tuyamalize kifamilia. Vumilia kidogo tu, wiki tatu siyo nyingi.

Nimekuwekea miwani mpya, na doti ya kanga.

Mtoto wako,
Queen


Nyumbani, Sengerema
30 Juni 2024

Queen,

Shangazi ameondoka.

Usiniulize kwa nini sikukupigia. Barua yangu ya mwezi wa tano hukuijibu. Nikasema basi, kunyamaza kwake ndiko jibu lake, ameona ninachokiona na anaogopa kukitaja.

Kikao kilikuwa uani kwetu, watu kama arobaini. Mzee Obedi ndiye aliyekiongoza. Alisema, "Mwenye nyumba, neno ni lako. Ukisema mama huyu abaki, atabaki, na sisi tutarudi makwetu." Nikasimama. Wallahi, Queen, nilikusudia kusema abaki. Nikamwona Modesta amekaa chini, mikono juu ya tumbo ambalo halina kitu, nikashindwa kutamka. Nikaingia ndani nikaitoa Veko. Nikaiwasha, nikaiweka juu ya kigoda katikati ya watu, nikarudi nyuma hatua tano wote wakiona kwamba siigusi. Mtu akaanza kutembea. Akaenda kushoto. Na kushoto ndiko alikokuwa ameketi shangazi.

Watu waliinuka. Wanawake walivuta watoto. Shangazi hakulia wala hakupiga kelele. Aliniangalia mimi, akasema, "Mashimba, kigeuze kigoda."

Hakuna aliyekigeuza. Wala mimi.

Wakampa siku mbili. Hawakumpiga, nilikataa asipigwe, naomba hilo ulijue. Ameondoka na begi moja na rozari yake. Nimesikia yuko Nansio, kwa shemeji yake Antoni, mdogo wa marehemu Pius mumewe. Nyumba yake waliichoma jioni ile ile aliyoondoka. Sijui ni nani, na sikutoka kwenda kuangalia.

Nimelala vizuri wiki hii. Nakwambia ukweli. Nimelala.

Mashimba


Mwanza
6 Julai 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuomba ukae chini ndipo usome.

Siyo mate. Hayakuwa mate hata siku moja. Ni kijiti. Kiwandani waliweka ndani yake kipande dhaifu, kikishatumika wiki tano sita kinalika, mashine inadhani umesukuma kushoto kumbe hujagusa. Ni Veko zote, kaka, za Mwanza, za Musoma, za kila mahali. Yangu ilianza mwisho wa mwezi wa tatu, kabla hujaniandikia. Uliponiuliza, ilikuwa mbele yangu juu ya kitanda, mtu anakwenda kushoto, na mimi nikachukua kalamu nikakuandikia yangu iko safi.

Bosi alisema atakayesema atafukuzwa. Ngosha anafungua barua za watu, unamjua, habari ingefika dukani kabla barua haijafika kwako. Na tawi, kaka. Nililitaka lile tawi. Nililitaka ili siku moja useme, "Kumbe Queen ni mtu." Sikujua kwamba mngefika huko. Nilidhani utaitupa kabatini uisahau.

Juzi kiwanda kimetangaza chenyewe. Wanabadilisha zote bure. Wateja waliokuwa wananitukana wameanza tena kunichekea, wanasema Veko ni baba lao. Funguo za Igoma nilikabidhiwa Jumatatu. Barua yako ya kikao nimeisomea humo ndani, kwenye kiti cha msimamizi.

Nimemwandikia shangazi nikamwambia kila kitu. Na wewe waite ukoo, kaka. Nitakuja na karatasi ya kiwanda niisome mbele yao. Weka siku tu. Nimekutumia na Veko mpya.

Nisamehe.
Queen


Nyumbani, Sengerema
11 Agosti 2024

Queen,

Barua yako nimeisoma mara moja, kisha nikaitia mfukoni. Baadaye nimeichoma, Modesta asiione.

Veko mpya Ngosha aliileta siku ya gulio, imefungwa gazetini, na baadaye watu wakanikuta nayo. Mzee Obedi akasema, "Iwashe tuone." Nikaiwasha, nikaiweka chini. Mtu alisimama. Haendi kushoto, haendi kulia, amesimama tu anasubiri. Wakadhani ni ile ile. Unajua walisema nini? "Mnaona? Tangu aondoke, imepona." Mzee Obedi akanishika bega akaniambia nimefanya kazi ya mwanaume. Modesta akacheka, mara ya kwanza tangu tuzike.

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, Queen. Nilikuwa naishika kwa kidole. Nikanyamaza.

Ningesemaje? Aliyeweka kigoda ni nani? Aliyeambiwa akigeuze akasimama ni nani? Na nikimwambia Modesta hayakuwa mate, ataniuliza basi mtoto wake kachukuliwa na nani, nami sina jibu, daktari mwenyewe alisema hutokea tu. Hilo "hutokea tu" alishindwa kulala nalo. Hili lingine analala nalo.

Kwa hiyo usije na karatasi yako. Siku sitaweka. Ulisubiri mpaka kiwanda kikakupa ruhusa ya kusema ukweli, sasa unataka mimi niuseme bure? Nimekukasirikia mpaka nikitaja jina lako mate yananikauka, halafu najiangalia naona hatutofautiani. Wewe ulidanganya upate kiti. Mimi nimenyamaza nipate amani ndani ya nyumba.

Fundi baiskeli anataka kununua Veko akishauza pamba. Aliniuliza kama ni nzuri. Nimemwambia ni nzuri.

Mashimba


Nansio, Ukerewe
8 Septemba 2024

Mashimba na Queen,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimepata barua ya Queen ya mwezi wa saba, na nyingine ya mwezi wa nane, na hela ndani yake. Ya Mashimba sijaipata, nadhani hajaiandika. Nawajibu kwa karatasi moja, maana mlilonifanyia mlilifanya pamoja.

Nipo kwa Antoni. Wamenipa chumba cha nyuma, mkewe ananipikia uji, sijakosa kitu. Kanisani watu wananipa mkono wa amani. Bado hawajasikia. Kila meli inapofika kutoka Mwanza naangalia wanaoshuka, kama kuna wa kwetu atakayewaambia. Hivyo ndivyo ninavyoishi sasa.

Queen, unaniomba nirudi, uje na karatasi ya kiwanda. Mwanangu, tarehe tano mwezi wa sita nilikuuliza swali dogo. Jibu lake lilikuwa neno moja, hapana, hayawezi. Ulikuwa nalo. Ukanitumia kanga. Miwani navaa kwa sababu bila hiyo sioni, ila kanga nimempa mke wa Antoni, na hela nimeitoa sadaka. Usitume nyingine.

Mashimba, ujinga wako sikuuchukia, nilikulea nao. Mtoto ulimlilia, nami nilimlilia, ingawa mlinikataza kuingia msibani. Lakini pale uani ulikuwa umesimama karibu na kigoda kuliko mtu yeyote. Nilikuomba jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu angeliweza. Queen ananiambia unajua ukweli na umeamua kunyamaza. Basi nyamaza.

Padri ananiuliza kama nimewasamehe. Nimemwambia bado, na sitamdanganya Mungu kwamba tayari. Niliacha nyumba ya mume wangu nikaja kuwalea mkiwa na kamasi puani, nikaikandika ile nyumba kwa mikono yangu miwili. Mmeichoma nikiwa hata sijafika stendi.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike. Jumapili iliyopita nilimwita Antoni na wazee wawili wa jumuiya, nikawaambia mbele ya padri: nikifa nizikwe hapa hapa, kando ya Pius. Ninyi mtapewa taarifa nikishafukiwa. Msije na gari kuchukua mwili, msije kudai mila, na matanga yangu msiyaweke pale uani kwenu. Wamekubali, wameandika, na mimi nimetia sahihi.

Bernadeta, mjane wa Pius